Kila Zama na Misi Yake

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, gari limesimama, inatakiwa kuwaka mara 1,600 ndani ya dakika hiyo. Silinda moja ikigoma, miwako 400 inakosekana. Hakuna sikio linaloweza kuhesabu hivyo, lakini kila sikio linasikia pengo. Usukani unatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza, ekzosi inakohoa. Mteja akija na gari la hivyo anasalimu kwa Kisukuma, na hana maneno mengi. "Mwangaluka, guku. Gari inamisi." Kisha anakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na kusubiri.

Nimefanya kazi ya gereji hapa Ibadakuli tangu lori za Bedford zikibeba pamba, na ninachotaka kusema ni kwamba misi haijawahi kuwa ugonjwa mmoja. Kila zama ilikuja na yake. Niambie gari lilikuwa linamisi kwa sababu gani, nami nitakuambia ilikuwa miaka gani, petroli ilitoka wapi, na kama sabuni ilikuwepo madukani.

Waliotutangulia walikutana kwanza na maji. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia hapa Shinyanga, na petroli ya siku zile ilisafiri kwa madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Debe tupu halikutupwa; tunalipimia mahindi hadi leo, na mlanguzi analigonga chini lijae vizuri kana kwamba liliumbwa kwa ajili hiyo. Magari yalikuwa machache, na mafuta yake yalikaa sana kabla ya kutumika. Debe lililofunguliwa huingiwa na unyevu, na maji huzama chini ya petroli. Ndiyo maana pampu ya mafuta ya injini za zamani iliwekewa kikombe cha kioo: ukichungulia unaona mstari, petroli juu, maji chini. Fundi wa kwanza niliyemtazama akifanya kazi alianza na kikombe hicho kila mara. Alikifungua, akamwaga, akafuta, akarudisha. Mara nyingi kazi iliishia hapo.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya almasi. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliupata mwamba wa Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wetu, wenye ukubwa wa hekta 146 hivi. Dunia inaikumbuka Mwadui kwa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Sisi mafundi tunaikumbuka kwa karakana. Mgodi uliojitegemea kwa karibu kila kitu hauwezi kusubiri mtu atoke Nairobi kuja kufungua injini, kwa hiyo uliwafundisha watu wa hapa hapa. Vijana waliingia kufagia oili sakafuni, wakatoka wakijua kupima nafasi ya pointi za distribyuta kwa vile vyuma vyembamba: kwenye Land Rover ya petroli, kati ya inchi 0.014 na 0.016, si zaidi, si pungufu. Williamson alifariki mwaka 1958, na waliotoka karakana yake wakatawanyika hadi kwenye vinu vya pamba, halmashauri na gereji za Wahindi mjini. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha. Tulimwita Mzee wa Mwadui, ingawa alipokuwa akitufundisha alikuwa amekwisha kuuacha mgodi siku nyingi.

Ibadakuli tulikuwa na mwalimu mwingine pia, asiyejua kama anafundisha. Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko huku kwetu, na tukiwa watoto tulichunga ng'ombe pembeni yake. Ndege ndogo kabla ya kuruka ilisimama mwisho wa njia na kuunguruma. Halafu sauti ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena, ikapanda, ndipo ikaondoka. Tulibishana sana kuhusu kushuka huko mara mbili. Baadaye Mzee alinieleza: kila silinda ya injini ile ina plagi mbili, na kila seti ya plagi inapata umeme kwa magneto yake. Rubani huzima magneto moja na kusikiliza huku akitazama saa ya mizunguko, anairudisha, kisha anazima ya pili. Mizunguko ikishuka kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege, anaruka. Ikishuka kupita hapo, au injini ikianza kutikisika, anarudi kuegesha.

"Unaona?" Mzee aliniuliza. "Hafungui kitu. Anakata kimoja, anasikiliza."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu, na sijapata bora yake. Injini ikiwa inazunguka, unashika waya wa plagi ya kwanza kwa kitambaa kikavu na kuuchomoa. Sauti ikianguka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, rudisha waya. Nenda ya pili. Ukifika kwenye silinda ambayo ukiikata injini haijali, umempata mgonjwa. Kwenye dizeli hakuna waya, kwa hiyo unalegeza nati ya paipu inayopeleka mafuta kwenye nozeli, moja baada ya nyingine, na kusikiliza vilevile. Kama waya ni mibovu na unaogopa kurushwa na umeme, dondoshea maji kidogo kwenye matawi ya ekzosi pale yanapotokea kwenye injini, mara tu baada ya kuwasha. Matawi ya silinda zinazowaka yatachemsha maji papo hapo, na la silinda iliyokufa litabaki limelowa.

Kumjua mgonjwa ni nusu ya kazi. Silinda inahitaji vitu vitatu: cheche, mafuta na hewa vilivyochanganyika sawasawa, na mgandamizo. Ili kujua kilichokosekana, unahamisha. Plagi ya silinda ya tatu unaipeleka ya kwanza, na ya kwanza unaileta ya tatu. Misi ikihama, plagi ndiyo mbaya. Isipohama, hamisha waya. Isipohama tena, toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, mwambie kijana apige stata. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mgandamizo upo. Kikikaa kimetulia, jiandae kufungua hedi, na jiandae kumwambia mwenye gari habari mbaya. Kwa valvu iliyoungua kulikuwa na kipimo cha karatasi: ishike nyuma ya ekzosi, iache ipeperushwe. Injini nzima huisukuma nje tu. Yenye valvu ya ekzosi isiyofunga huivuta karatasi ndani kila baada ya muda. Na usiku, bila mbalamwezi, unafungua boneti na kuzima taa zote. Waya uliopasuka unauona mwenyewe, cheche za bluu zikiruka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma. Tulipenda kazi ya usiku kwa sababu hiyo, na kwa sababu Oktoba mchana chuma cha gari hakishikiki.

Oktoba ilikuwa na misi yake pia. Joto la Shinyanga kabla ya mvua linaweza kuchemsha petroli ndani ya paipu, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Gari linamisi, linazima, dereva anafungua kabureta na kukuta kila kitu kiko sawa. Dawa ilikuwa kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, na subira. Msimu wa ununuzi wa pamba, kuanzia kiangazi kikishika, nyuzi nyeupe zilijaa kwenye rejeta na vumbi la barabara likajaa kwenye chujio la hewa, lile la zamani lenye bakuli la oili chini. Bakuli likigeuka tope, injini inakosa hewa, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, na plagi zinatoka nyeusi kwa masizi. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani ukawa ziwa, lori likavuka, maji yakarukia distribyuta. Kukausha kifuniko chake ni kazi ya dakika chache, lakini ufike hapo kwanza, ukiwa umezama hadi magotini na utingo anakutazama kwa lawama.

Basi tulikuwa tunazijua misi za ardhi na za anga. Kilichokuja baadaye hakikutoka kwenye ardhi wala angani.

Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na lori zilizokuwa na wenyewe zikawa mali ya mamlaka ya zao la pamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikaisha, na plagi, pointi na kondensa ni vitu vya fedha za kigeni. Magari yaliyoletwa nchini yalipitia shirika la umma, na vipuri vilikuja vilipokuja. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili petroli ibaki. Ilipofika mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na katoni ya plagi stoo alikuwa na maswali ya kujibu, na wengine walizitupa kisimani kabla hawajaulizwa.

Plagi za miaka ile tulizichoma kwenye jiko la mkaa hadi masizi yaungue, tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazigonga nafasi upya. Pointi zilizoungua tulizisawazisha kwa msasa, na msasa ukikosekana, kwa ubavu wa kiberiti. Waya uliopasuka ulivishwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kondensa ya gari lililosimama ilihamia kwenye gari lililotembea, bila kuuliza kama vipimo vinafanana.

Vijana wanapenda hadithi hizi. Wanadhani tulikuwa waganga. Kazi nyingi ya miaka ile ilikuwa mbaya, na afadhali niseme mimi kuliko aje aseme mwingine. Plagi iliyochomwa haigeuki mpya: ncha imeliwa, kauri ina ufa usioonekana, na gari linatoka gereji likiimba na kufika Tinde linamisi tena. Pointi zilizosuguliwa kwa msasa hubaki na punje, punje huungua, na wiki inayofuata ni msasa tena. Kondensa isiyolingana hula pointi upande mmoja. Tulikuwa tunanunua siku, si kutengeneza magari. Ujuzi wa kweli uliotokana na uhaba ni mmoja tu, nao ni kutokubadilisha kitu kwa kubahatisha. Mtu mwenye plagi moja nzuri mkononi hana ruhusa ya kukosea silinda.

Halafu kulikuwa na mafuta ya taa. Yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli, kwa sababu serikali iliyaona kuwa mwanga wa maskini, na popote bei mbili zinapokaa jirani atatokea wa kuzichanganya. Land Rover ya zamani yenye mgandamizo mdogo iliyavumilia kwa manung'uniko. Peugeot 504 haikuvumilia: ikigonga mlimani, ikitoa moshi, ikimisi asubuhi, na oili kwenye injini ikawa nyepesi kwa sababu mafuta ya taa yasiyoungua yaliteremka pembeni ya pistoni. Fundi alitambua kwa pua. Mchezo huu haukuisha uhaba ulipoisha. Uliendelea hadi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Bibi wa kibatari akalipia dhambi ya mwenye kituo cha mafuta, lakini gereji tuliona tofauti.

Milango ya biashara ilifunguliwa kuanzia mwaka 1984, na miaka ya tisini Toyota zilizotumika Japani zikamiminika kupitia Dar es Salaam. Nyingine zilikuwa bado na kabureta, na kabureta za Kijapani za miaka hiyo zilikuwa na mipira midogo ya hewa mingi kuliko mishipa ya mkono. Mpira mmoja ukichomoka, injini inavuta hewa isiyohesabiwa, nayo inamisi ikiwa imesimama lakini ikienda mbio inatulia. Mafundi wengi waliimaliza misi hiyo kwa kuikata mipira na kuziba kila tundu. Baadaye kabureta yenyewe ikaondoka, mafuta yakawa yanapulizwa kwa amri ya kompyuta, na pointi zikatoweka.

Kuna misi nyingine ya kipindi hiki ambayo haizungumzwi sana. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors huko Marekani, aligundua kwamba risasi ikiyeyushwa ndani ya petroli huzuia injini kugonga. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa watu, watoto hasa, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiondoa. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 pampu zetu hazikuwa nayo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ni jambo jema, sina ubishi. Lakini risasi ilikuwa pia ikilinda valvu za ekzosi zinapogonga kiti chake, na hedi za injini za zamani zilitengenezwa zikiitegemea. Land Rover zilizobaki, za misheni na za wafugaji wenye uwezo, zikaanza kula viti vya valvu. Valvu ilizama, nafasi ikaisha, ikawa haifungi, na kipimo cha karatasi kikarudi kazini. Wenye magari walilaumu plagi, na plagi zilitoka safi, nyeupe kuliko tulivyozizoea.

Leo yanayoletwa zaidi ni michomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokwenda Kahama, Tinde na vijijini. Kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi. Marekani ilianza kuyalazimisha magari yake mapya yajieleze kupitia soketi moja mwaka 1996, na dunia ikafuata. Kijana wangu anachomeka mashine na kusoma: P0300 maana yake misi isiyo na mahali, P0301 silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Kazi niliyoifanya kwa kitambaa na sikio inafanyika kabla hajamaliza soda yake. Siichukii mashine. Nachukia inapogeuzwa hakimu. P0302 inakuambia silinda ya pili haikuwaka. Haikuambii kama ni koili, plagi, nozeli, au valvu. Anayesoma namba na kwenda dukani kununua koili amebahatisha, na bahati yake analipia mteja. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, futa namba, washa. Ikija P0303, nunua. Na ukinunua, iangalie: plagi za bandia zimejaa, boksi sahihi na maandishi sahihi, kauri isiyomaliza mwezi.

Mashine hiyo haina pa kuchomeka ukifika kwenye machimbo ya dhahabu. Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu, kote huko makarasha yamesaga mawe kwa injini za dizeli za silinda moja kutoka China, na kabla yake tulizijua injini za mashine za unga, Lister za Dursley, Uingereza, na nakala zake kutoka Rajkot, India, zilizozunguka mara 650 kwa dakika, taratibu hata unasikia kila mwako peke yake. Silinda moja haina jirani wa kulinganishwa naye. Ukiikata, injini imezima. Hapo unabaki na mdundo na moshi: mweupe, dizeli inapita bila kuungua; mweusi, hewa haitoshi, na kwenye karasha mara nyingi ni chujio lililojaa unga wa mawe; wa bluu, oili inapanda. Nimewahi kuitwa kwa karasha lililokuwa likiruka mwako mmoja kila baada ya michache, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, amekasirika, mifuko ya mawe imepangwa, kina mama wa kuponda wamekaa bila kazi. Nozeli ilikuwa inadondosha badala ya kupuliza. Tuliisafisha juu ya gunia.

Makarasha yaliyofikiwa na umeme yanabadilisha injini kwa mota, na mota haina silinda. Ikianza kuguna na kukosa nguvu, mara nyingi ni kwamba kati ya fazi tatu moja haifiki. Fundi wa umeme anakuja na kipimo chake, anagusa waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, na akiukuta uliokufa anarudi nyuma kuitafuta fyuzi.